Kauli Moja kwa Mabaraza Mawili

Mtaani kwetu ugomvi ulianzia kwenye geti. Usiku mmoja vibaka waliingia nyumba mbili, wakaondoka na televisheni, mtungi wa gesi na pikipiki ya kijana wa bodaboda ambaye alikuwa bado anailipia. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha kikao chini ya mwembe, na katika mengi yaliyosemwa mtu mmoja akatoa wazo: tuchange, tuweke geti pale barabara inapoingilia, lifungwe saa tano usiku. Siku ile hapakuwa na pande mbili. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeshika daftari. Wachache walilipenda wazo papo hapo, wachache waliuliza habari ya mgonjwa atakayetolewa usiku wa manane, na wengi, nami nikiwamo, tulisema jambo linataka kufikiriwa.

Wiki tatu baadaye mtaa ulikuwa na makundi mawili ya WhatsApp. La kwanza, lile la zamani la ulinzi, lilibaki mikononi mwa waliotaka geti. La pili lilifunguliwa na jirani aliyetolewa katika la kwanza baada ya kuuliza, kwa mara ya tatu, nani atashika hesabu ya michango. Huko katika la kwanza ilikuwa inasemwa sasa kwamba wasiotaka geti wanawajua wezi. Huko katika la pili watu walikuwa na hakika kwamba pesa zimeshaliwa, hali ya kuwa hakuna aliyekuwa ametoa hata shilingi mia. Majirani walioinuka pale mwembeni wakisema "tufikirie" wakawa hawaitikiani salamu dukani. Watu watatu tu walibaki katika makundi yote mawili: mwenyekiti, fundi bomba, na mama anayepika vitumbua pale kona.

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, maana katika zile wiki tatu sioni kipya kilichotokea. Hapakuwa na wizi mwingine. Hakuna aliyeleta bei ya vyuma wala habari ya mtaa mwingine uliojaribu. Kilichobadilika ni nani anazungumza na nani, basi. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji wangu, kwa sababu naliona kwenye vikundi vya familia, kwenye jumuiya za dini, kwenye vyama vya ushirika, hata kwenye kamati za shule. Maoni ya watu huchacha pale wa katikati wanapoondoka au wanaponyamaza, kila upande ukabaki na sauti yake peke yake. Na dawa yake imo mikononi mwa watu wa kawaida kuliko tunavyodhani.

Tunapokaa wenyewe kwa wenyewe

Mwaka 1969 Serge Moscovici na Marisa Zavalloni walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa sekondari mjini Paris. Walimuuliza kila mmoja peke yake anamwonaje Charles de Gaulle na anawaonaje Wamarekani. Kwa jumla de Gaulle alipendwa kiasi, na Wamarekani hawakupendwa kiasi. Kisha vijana wakawekwa katika vikundi wajadiliane. Walipotoka, de Gaulle alikuwa amependwa zaidi na Wamarekani wamechukiwa zaidi. Hakuna aliyekuja kuwahutubia. Walisukumana wenyewe.

Katikati ya mwaka 2005 watafiti watatu, David Schkade, Cass Sunstein na Reid Hastie, walifanya jaribio la namna hiyo katika miji miwili ya jimbo la Colorado, Marekani. Boulder una watu wengi wa mrengo wa kushoto. Colorado Springs, wa mrengo wa kulia. Watu wa kila mji walikaa na wenzao wa mji uleule, vikundi vidogovidogo, wakazungumzia mambo matatu, mojawapo mkataba wa kimataifa wa mabadiliko ya tabianchi. Wa Boulder walitoka wakiuunga mkono kuliko walivyoingia, wa Colorado Springs wakiupinga kuliko walivyoingia. Lakini kilichonigusa mimi ni kingine. Ndani ya kila kikundi, tofauti ndogondogo ambazo watu walikuja nazo zilipungua, hata katika majibu waliyoyaandika kwa siri baada ya mazungumzo. Maana yake ni kwamba waliacha kuwa watu mbalimbali.

Linakwendaje jambo hili? Kwanza ni hoja zenyewe. Ukikaa na watu kumi wanaotaka geti, utasikia sababu kumi za kutaka geti, na tano kati ya hizo hukuwa umezifikiria. Utatoka umeshiba hoja za upande mmoja, na utadhani umelichunguza jambo. Pili ni hadhi. Katika kundi la watu wa nia moja, anayesema kwa ukali zaidi ndiye anayepigiwa makofi, na mwenye kusema "lakini" huonekana moyo wake uko nusu. Basi kila mtu hupanda ngazi moja juu ya mwenzake ili asionekane yuko chini.

La tatu ndilo zito: ukimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Solomon Asch, wa chuo cha Swarthmore kule Marekani, aliwaonyesha vijana mistari mitatu na kuwauliza upi unalingana urefu na mstari wa nne. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini katika kila kikundi kijana mmoja tu ndiye aliyekuwa mgeni wa jambo. Wengine walikuwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi, wote lilelile. Katika zamu hizo za uongo, karibu theluthi ya majibu ya yule mmoja ilifuata kosa la wenzake. Aliona kwa macho yake, akasema cha wenzake. Asch alipompa mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, makosa hayo yakashuka hadi karibu robo ya yale ya mwanzo. Mwenzi mmoja alitosha.

Naandika hayo huku moyo ukiniuma. Siku jirani yetu alipotolewa kwa kuuliza habari ya hesabu, nilikuwa naangalia simu. Daftari lilikuwa mezani kwangu, nalo lilionyesha kwamba hakuna aliyechanga. Mstari mmoja kutoka kwangu ungemwondolea yeye aibu, na ungewazuia wengine kuzusha kwamba pesa zimeliwa. Sikuandika kitu. Nilijiambia mtu mwingine atasema. Kila mmoja wetu alijiambia hivyohivyo.

Mtu hufuata jirani kabla ya hoja

Mtafiti Wayne Zachary aliifuatilia klabu moja ya karate katika chuo kikuu kimoja cha Marekani tangu 1970 hadi 1972, akaandika habari zake mwaka 1977. Ugomvi ulikuwa wa mwalimu na rais wa klabu, na ulihusu bei ya masomo. Mwishowe klabu ikapasuka. Zachary alikuwa amechora ramani ya urafiki wa wanachama 34: nani huonana na nani nje ya mazoezi. Kwa ramani hiyo peke yake, bila kuuliza mtu anaonaje juu ya bei, aliweza kusema nani atakwenda upande gani, akakosea mtu mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa karibu na upande wa rais, lakini zilimbakia wiki tatu afanye mtihani wa mkanda mweusi, akamfuata mwalimu.

Hebu tulitafakari hilo. Watu thelathini na ushei waliamini kwamba wameipima bei, kumbe walifuata marafiki. Nawe ukitazama msimamo wako mkali kuliko yote, jiulize kwa uaminifu: nilifika hapa kwa kufikiri, au ni hapa rafiki zangu walipokuwa wamekaa? Halafu mtazame yule mmoja. Kilichomvusha upande ni haja iliyomfunga na mtu wa upande wa pili. Nitalirudia hilo, kwa kuwa ndani yake mna tiba.

Miaka kumi na mitano ya Zanzibar

Anayetaka kuliona jambo hili kwa ukubwa wake aitazame Zanzibar. Kule baraza ni saruji kabla ya kuwa mkutano: ni kile kikalio kilichojengwa ukutani nje ya nyumba, watu wakakaa tangu alasiri, muuza kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe. Huyu katoka msikitini, yule bandarini, wa tatu shamba. Habari iliingia barazani, ikapigwa maswali, ikatoka imepungua chumvi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, vikao vingi vilichukua rangi. Maskani ya Kisonge, pale Michenzani, ikajulikana kwa ubao wake wa maandishi ya upande wa CCM, chama tawala. Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, ikajulikana kwa wafuasi wa CUF, chama cha upinzani. Uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa mwaka 1995 ulitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Nchi ilikuwa nusu kwa nusu, lakini kila maskani ikihesabu vichwa vilivyokaa pale iliona nchi nzima iko nayo. Kwa hesabu hiyo, upande wa pili ukisema una watu, ni lazima uwe mwongo au mwizi.

Ikaja miaka ambayo wenyewe huielezea kwa maneno machache: watu hawasalimiani, hawazikani. Mtu alipita duka la jirani akaenda kununua sukari mbali, kwa mwenye chama chake. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, na zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Sisemi vikao ndivyo vilivyozaa hayo. Palikuwa na madai ya kura, na historia nzito ya kabla na baada ya mapinduzi ya 1964. Nasema vikao vilipotengana, hata neno la haki likawa halina njia ya kuvuka.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, walikutana Ikulu ya Zanzibar. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakaikubali. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja: nusu kwa nusu mwaka 1995, theluthi mbili upande mmoja miaka kumi na mitano baadaye. Swali lilikuwa tofauti, lakini wapigaji wengi walikuwa walewale. Watu wa katikati walikuwepo siku zote. Walikuwa wamekaa kimya wakingoja waone kama kusema kuna salama, na walipowaona wakubwa wawili wameshikana mikono, wakasema.

Maridhiano yale yalitetereka vibaya uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, yakaungwa tena mwishoni mwa 2020. Daraja likikosa matunzo hubomoka, hata likiwa limejengwa na wakubwa.

Ndumilakuwili na mtu wa daraja

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Kwa nini watu wa katikati hunyamaza? Kwa sababu lugha yetu ina jina baya lililowekwa tayari kwa ajili yao: ndumilakuwili, yule nyoka wa vichwa viwili. Mtu akionekana amekaa na wale jana na leo yuko na sisi, huitwa hivyo, au popo, au kigeugeu. Na kweli ndumilakuwili wapo, ni watu wabaya, wamevunja nyumba nyingi.

Lakini kuna njia rahisi ya kumjua ndumilakuwili. Yeye ana kauli mbili: huku anasema hili, kule anasema lile, na kote anasifiwa. Mtu wa daraja ana kauli moja. Alilolisema kwa hawa ndilo analolisema kwa wale, neno kwa neno, na mara nyingi kote anapata lawama kidogo. Kama unataka kuponya baraza lako, basi kazi yako ya kwanza ni hiyo: keti katika mabaraza mawili, uwe na kauli moja. Kabla hujatuma ujumbe kwa wenzako, jiulize kama ungeweza kuutuma uleule kwa upande wa pili bila kubadilisha neno. Kama huwezi, tafuta ni neno gani linalokuzuia. Mara nyingi ni tusi, au dhana uliyoifanya habari. Liondoe, hoja yako itabaki na nguvu yake yote.

Na ukiwa wewe ni mtu wa upande mmoja, jambo ambalo si dhambi, mlinde mwenye kauli moja aliyeko kwenu. Usimwite popo. Siku mambo yakiharibika, yeye ndiye pekee atakayeweza kupiga simu kule ikapokelewa.

Mambo ya kufanya

Hesabu chemchemi, usihesabu vinywa. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja, nayo imewadanganya wengi. Ukisikia jambo kwa watu watano, chukua kalamu uandike majina yao, na mbele ya kila jina aliambiwa na nani. Nilifanya hivyo juu ya zile "pesa zilizoliwa." Vinywa vitano vilikunywa kwenye chemchemi moja: ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, wa mtu aliyesema "nadhani." Kufika kwa wa tatu, "nadhani" ilikuwa imedondoka njiani.

Lala na habari kabla ya kuisambaza. Utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, uliochapishwa 2018, ulifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizoenea Twitter tangu 2006 hadi 2017. Zilizokuwa za uongo zilikuwa na nafasi ya asilimia 70 zaidi ya kusambazwa tena kuliko za kweli, na waliozipa mbio hizo ni watu wenyewe, si programu za kujiendesha. Lakini mbio huweza kupunguzwa. Aprili 2020 WhatsApp iliweka sharti kwamba ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliokwisha kupita mikono mingi, usambazwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Kampuni yenyewe ilisema usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Kizuizi kidogo tu, cha kugusa simu mara moja zaidi, kimezima moto mkubwa hivyo. Jiwekee cha kwako: habari yoyote inayokutia hasira, ilaze usiku mmoja. Ikiwa kweli, kesho itakuwa bado kweli.

Kuwa sauti ya pili. Wengi wetu hatuna ushujaa wa kuwa wa kwanza kupinga, na sikulaumu kwa hilo. Lakini akitokea wa kwanza, kazi ya wa pili ni nyepesi. Huhitaji kukubaliana naye. Andika tu: "Swali la ndugu yetu ni la haki, tumjibu." Maneno hayo manane yangeuepusha mtaa wangu na wiki tatu za uadui.

Mkubwa aseme mwisho. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee akifungua kikao kwa kutoa msimamo wake, atakayoyasikia baada ya hapo ni mwangwi wake mwenyewe. Kama wewe ni mwenyekiti, shangazi mkubwa katika ukoo, mchungaji, imamu au mwalimu mkuu, sikiliza kwanza. Kwa jambo zito, gawa vikaratasi mwanzoni kabisa, kila mtu aandike rai yake bila jina, kisha zisomwe zote kwa sauti ndipo mazungumzo yaanze. Utashangaa ni wangapi walikuwa na shaka ileile, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Usimtoe anayeuliza. Hili nawaambia maadmini. Mtu anayetukana, mwonye, na akirudia mtoe. Lakini anayeuliza ukimtoa, hukulimaliza swali. Umelihamishia mahali ambapo huwezi tena kulijibu. Na tenganisha makundi kwa kazi. Kundi la misiba na wagonjwa libaki la misiba na wagonjwa, siasa na mabishano yasiingie humo hata siku moja, ili aliyekasirika kwingine asilazimike kuondoka mahali ambapo atapata habari ya kufiwa kwa mwenzake.

Mrekebishe mtu pembeni. Mama mkubwa katika kundi la familia akituma habari ya dawa isiyo na ukweli, ukimsahihisha mbele ya watu sitini, wanawe na wajukuu wake wakitazama, umemfunga. Atatetea habari ile kwa kutetea heshima yake. Mpigie. Mwamkie, "Shikamoo mama," muulize hali, kisha mwambie ulichokipata na ulivyokipata. Mwachie yeye nafasi ya kulisahihisha mwenyewe kundini. Mara nyingi atafanya hivyo, na neno lake litapokelewa kuliko lako.

Tunza shughuli zinazochanganya watu. Watafiti Hans-Peter Kohler, Jere Behrman na Susan Watkins walichunguza mazungumzo ya wanawake wa Nyanza Kusini, Kenya, juu ya uzazi wa mpango, wakachapisha matokeo yao 2001. Palipokuwa na soko lililochangamka, mtandao wa marafiki ulimsaidia mwanamke kujifunza, akakusanya habari kwa watu mbalimbali. Pasipokuwa na soko la namna hiyo, marafiki waliofahamiana wote kwa wote walimbana zaidi afuate wengi wanavyofanya. Soko hukutanisha watu wasiochaguana. Ndivyo ulivyo msiba, kisima, vikoba, timu ya mpira ya mtaa, foleni ya kliniki. Yule mwanakarate wa mkanda mweusi alivukishwa na haja. Jamii inayozikana pamoja ina haja ya pamoja, na inaweza kubishana sana bila kupasuka.

Wazee wetu walilijua hili, wakaliwekea taasisi yake: utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani huja msibani kwako, hukufanyia kazi, na hukuambia usoni lile ambalo ndugu yako anaona haya kulisema. Ana haki ya kukukosoa kwa sababu ana wajibu wa kukuzika. Usiache utani ufe nyumbani kwako, na usiugeuze kuwa tusi.

Mpaka wa maneno haya

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu aache msimamo wake, wala sisemi kila jambo lina ukweli nusu huku na nusu kule. Kupingana ni afya. Mtaa ambao wote husema ndiyo umekwisha kufa. Ninachokiogopa ni kupingana bila kusikiana.

Na kuna maneno yasiyo na upande wa pili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza watu zaidi ya 1,100, na zaidi ya 600,000 wakakimbia makazi yao. Katika siku zile jumbe fupi za simu zilizunguka zikichochea majirani dhidi ya majirani. Nchi ikajifunza, na mwaka 2008 sheria ikaunda tume ya taifa ya uwiano na utangamano. Ukiona katika kundi lako mtu ameitwa mnyama, au umetajwa mtaa na saa ya "kuwaonyesha," hapo hakuna mjadala wa kusawazisha. Sema hapana kwa jina lako, futa, na wapelekee habari wenye dhamana ya usalama kabla hakujakucha. Mtu wa daraja hapatanishi nyundo na kichwa.

Ufunguo

Suluhu ya mtaa wetu haikuletwa na hotuba. Ililetwa na yule mama wa vitumbua. Kwa kuwa wateja wake walikuwa pande zote, hakuondoka kundi lolote, na kwa kuwa si mwandishi mzuri wa simu, alimwomba mwanawe amwandikie ujumbe mmoja, autume kote: "Mimi nawasha moto saa tisa usiku. Geti likiwekwa, nani atanifungulia? Lisipowekwa, nani atanilinda?"

Sentensi tatu, bila tusi, zilezile huku na kule. Kundi la kwanza lilikuwa halijafikiria habari ya kufungua. Kundi la pili lilikuwa limesahau kwamba kuna mwanamke anayewasha jiko peke yake gizani, hatua chache kutoka nyumba iliyovunjwa. Kwa siku mbili hakuna aliyemjibu. Siku ya tatu jirani aliyekuwa ametolewa alikwenda kununua vitumbua, akamkuta pale mmoja wa waliomtoa, wakazungumza wakisubiri mafuta yachemke. Nami safari hii nililipeleka daftari, nikalifungua mbele yao.

Geti lipo leo, lina mlango mdogo pembeni. Funguo za mlango huo ziko mbili, mmoja kwa mtu wa upande wa kwanza, mmoja kwa mtu wa upande wa pili, na kila mwezi hesabu hubandikwa kwenye mlango wa duka. Makundi mawili ya WhatsApp bado yapo, na bado tunabishana, sasa ni juu ya mshahara wa mlinzi. Lakini ukilala chumba cha mbele nyumbani kwangu, saa tisa kasoro utasikia bawaba za mlango mdogo zikilia, kisha mtu na mwenye ufunguo wakipeana salamu.